Mzee Haandikwi

Kila asubuhi, kabla hajatusalimu sisi wafanyakazi, nyapara wetu alisalimia kijiti. Kilikuwa kijiti kikavu kisicho na jani, kimechomekwa mwanzoni mwa mstari wa kahawa katika Bloku ya Tisa, na kimefungwa utepe wa kijani. Alisimama mbele yake, mikono nyuma, akauliza, "Mzee, umeamka?" Kisha alitugeukia sisi na kuuliza ni nani amechelewa.

Wiki yangu ya kwanza nilidhani mumewe amezikwa pale. Nilimwuliza Njoro, kijana wa kupiga dawa, kwa sauti ya chini kama mtu aliye matangani.

"Zii," akasema. "Mzee wake yuko home Mwihoko, analisha kuku. Hiyo ni stori ya nzi."

Ilikuwa kweli stori ya nzi. Shamba letu lilikuwa la kahawa, kati ya Ruiru na Thika, na nyapara ndiye aliyesimamia wakaguzi wa wadudu. Kazi yetu ilikuwa kupita kati ya mibuni tukigeuza majani, tukiwahesabu wadudu wanaoharibu kahawa na kujaza idadi yao kwenye fomu. Fomu ilipelekwa ofisini. Idadi ikizidi kiasi fulani, bloku ilipigwa dawa, na sisi tukakaa mbali siku mbili.

Nzi mwenyewe alikuwa mkubwa mara tatu ya nzi wa nyumbani. Mgongo wake umepinda, tumbo refu limechongoka, miguu ina manyoya, na usoni ana ndevu. Ndevu hizo ndizo zilizompa jina la Mzee. Alikaa juani kwenye ncha ya kijiti, akigeuza kichwa kufuata kila kinachopita. Ghafla aliruka, akamdaka mdudu hewani na kurudi naye kwenye kijiti kilekile, akamchoma kwa mdomo na kumnyonya mpaka likabaki ganda. Ganda alilidondosha. Chini ya kila kijiti kulikuwa na mabawa na maganda, na nyapara alikuwa akiyachunguza kwa makini akijua nani ameliwa jana.

Siku niliyoripoti kazini nilimpa cheti changu cha diploma. Alikisoma upande wa mbele, akakigeuza, akausoma pia upande wa nyuma ambao haukuwa na kitu.

"Hapa wamesema umeshaona mdudu akikula?"

"Hawajasema, mama."

"Basi kaa hapo mpaka akule."

Akanitandikia gunia mbele ya kijiti. Nilikaa tangu saa mbili hadi chai ya saa nne. Mzee alikula nondo mmoja na mdudu mmoja wa kijani nisiyemjua. Mimi sikula chochote, na nilipokwenda kuchukua chai birika lilikuwa tupu. Tangu siku hiyo aliniita Dipuloma, na jina langu halisi sidhani alilishika.

Sheria yake ya kwanza ilikuwa hii: usiandike mdomo kabla ya kuona chakula. Maana yake, usimwite mdudu adui kwa sababu tu ana sura mbaya, ngoja umwone akila. Aliitumia sheria hiyo hata kwa watu. Alipoletewa mfanyakazi mpya na kuambiwa kwamba ni mlevi, alijibu kwamba yeye bado hajamwona akinywa. Mfanyakazi huyo kweli alikuwa mlevi. Nyapara alimwona akinywa siku ya nne, akamwandika.

Kwa nzi wa nyumbani hakuwa na sheria yoyote. Nilimtembelea Mwihoko mara moja alipougua mguu. Nyuma ya mlango, kwenye msumari mmoja na kalenda ya kanisa, alitundika kipigio cha nzi kilichotengenezwa kwa mpira wa ndala. Alinisimulia habari za Mzee kwa nusu saa nzima, na katika nusu saa hiyo aliua nzi wanne bila kukatiza sentensi.

Wezi ndio hakuwataka kabisa. Jumamosi moja tulikwenda Kamakis kula nyama choma, tukimuaga mwenzetu aliyekuwa akihamia Nakuru. Kijana mmoja alinyakua simu kwenye meza ya jirani, akaja mbio upande wetu. Nyapara alinyoosha mguu bila kuuachia ubavu wa mbuzi aliokuwa akila. Kijana akaanguka, nyapara akamkalia. Watu walipokuja na mawe aliwaambia wasubiri, anamwombea. Aliomba kwa muda mrefu sana, kwa Kikuyu, akiwataja wazazi wa kijana ambao hakuwajua, mpaka wenye mawe wakachoka na kurudi kwenye nyama zao. Mwenye simu akapewa simu yake, na kijana akaachiliwa akiwa ameahidi mambo mengi.

Sasa huyo ndiye mama ambaye afisa mmoja wa kilimo alimwambia, mbele yetu, kwamba Wazungu humwita Mzee nzi mnyang'anyi.

"Amenyang'anya nani?" nyapara akauliza.

"Wadudu wengine, mama. Anawanyang'anya uhai."

"Na hao wadudu walikuwa wamenunua hii kahawa?"

Afisa alicheka. Nyapara hakucheka. Chai ya afisa ililetwa bila sukari, na alipouliza sukari aliambiwa imenyang'anywa.

Nisimpambe Mzee kupita kiasi. Hakuwa na dini. Alikula nondo na kunguni wa kahawa aliyethubutu kuruka, lakini alikula pia nyuki, na jike alimla hata dume aliyekuja kumchumbia bila tahadhari. Siku niliyomwona na nyuki mdomoni nilimwita nyapara nikidhani nimemshinda hoja. Alitazama, akatikisa kichwa kama mtu anayeletewa kesi ya mtoto wake.

"Kwani wewe marafiki wako hawana makosa?" akaniuliza.

Bloku ya Tisa ilikuwa mpango kati yake na meneja. Meneja wetu alipenda usafi, na kwake shamba safi ni lile lililopigwa dawa kila kalenda ikifika. Nyapara naye alikuwa amebeba pampu ya dawa mgongoni miaka mingi kabla ya kupandishwa cheo, na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikuhisi moto wala baridi. Tulijua kwa sababu alishika vikombe vya chai ambavyo sisi hatukuweza kuvishika. "Hii dawa nimeipiga mpaka ikanipiga," alikuwa akisema.

Alimwomba meneja bloku moja tu. Fomu ikionyesha wadudu wamezidi, ipigwe. Isipoonyesha, iachwe. Meneja alimpa Tisa kwa kuwa ina mawe na kahawa yake haikuwa na maana. Akaongeza kwamba siku nyapara atakaposhindwa, ataacha ukaguzi na kwenda kwenye meza za kuanika kahawa mpaka astaafu. Nyapara alikubali. Alichomeka vijiti mstari kwa mstari ili Mzee na wenzake wapate pa kukaa, na meneja alipouliza alimwambia ni alama. Nilipofika mimi, Tisa ilikuwa imekaa miaka mitatu bila dawa. Watu wengine hutaka ploti au gari. Mama yule alitaka kuona, kabla hajastaafu, kama shamba linaweza kujilinda.

Kulikuwa na jambo moja lililonisumbua. Nyapara hakumhesabu Mzee. Kila siku aliniuliza, "Wewe unaonaje, wameongezeka?" na nikianza kutaja idadi aliziba masikio kwa viganja. "Usinitajie nambari!" Siku moja aliniona kalamu iko juu ya fomu nikimtazama Mzee, akaushika mkono wangu.

"Mzee haandikwi."

"Kwa nini, mama?"

"Haandikwi tu."

Nilidhani nimeelewa. Kwetu wazee hawapendi watoto wahesabiwe, wala mbuzi, kwa sababu kinachohesabiwa hupungua. Bibi yangu Gatundu alikuwa na watoto tisa na hakuna aliyewahi kumsikia akitaja tisa. Kwa hiyo nilimsamehe nyapara kimoyomoyo, kama msomi anavyomsamehe mtu asiyesoma. Nakumbuka kabisa nilivyojisikia nikimsamehe, na bado naona aibu.

Mwaka ule, mvua za masika zilipokwisha, nyapara alifiwa na dada yake Murang'a. Aliomba ruhusa ya siku nne. Ofisi haikupokea fomu isiyo na sahihi ya nyapara, kwa hiyo aliweka sahihi kwenye fomu tupu za siku zote nne, akaniachia. Kila nyapara alifanya hivyo. Akaniambia nikague, nijaze, nipeleke, na nimsalimie Mzee.

Siku ya tatu jua lilitoka vizuri. Niliingia Tisa saa nne, nikasimama. Hakukuwa na kijiti kisichokaliwa. Kulikuwa na Mzee kwenye kila ncha, na waliokosa vijiti walikaa kwenye matawi makavu na kwenye mawe. Kila mahali kulikuwa na mvumo, mmoja akitoka, mwingine akirudi na chakula. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Nilijua nyapara ameshinda, na nilitaka akirudi kutoka mazikoni akute ushindi wake umewekwa kwenye karatasi.

Nikawahesabu. Nilipomaliza nikarudi mwanzo, nikawahesabu tena. Fomu ilikuwa na mistari ya kunguni wa kahawa, vidung'ata na wengine tuliowajua, na chini kabisa mstari mmoja umeandikwa "Wengineo." Hapo ndipo palipokuwa na nafasi. Nikaandika idadi kwa mwandiko mzuri, nikapeleka ofisini, nikala chakula cha mchana kwa raha.

Ofisini hawakusoma majina. Walijumlisha nambari. Kila kilichoandikwa kwenye fomu ile kilikuwa adui, na hakukuwa na mstari wa kitu kingine.

Jumatatu nilianza kuisikia harufu kabla sijafika langoni. Nilimkuta Njoro akisuuza pampu.

"Tisa iliruka limit," akaniambia. "Ofisi ilituita Jumamosi, tukaipiga yote. Kwani hukuambiwa?"

Walikuwa chini ya vijiti, juu ya maganda ya waliokuwa wamewala, chali, miguu imekunjwa. Niliwaokota wachache nikawatia mfukoni mwa ovaroli. Sijui nilidhani nitawafanyia nini.

Nyapara alifika saa mbili kasoro, bado amevaa kitambaa cheusi. Alikwenda kwenye kijiti cha kwanza, akasimama mikono nyuma. Hakuuliza chochote. Alipotugeukia hakuuliza hata ni nani amechelewa, na walikuwepo wawili.

Meneja alituita ofisini, yeye na sisi wakaguzi. Fomu ilikuwa mezani.

"Miaka mitatu unaniambia Tisa haina wadudu," alimwambia nyapara. "Hawa wote wametoka wapi siku moja? Ulikuwa unawaficha?"

Nyapara aliichukua karatasi. Aliishika chini, kidole gumba kikiwa juu ya mstari ule wa mwisho, akautazama mwandiko wa mistari ya juu kwa muda. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilikuwa nimebakiza wiki mbili nithibitishwe kazini.

"Sahihi ni yangu," akasema.

Meneja alinitazama mimi, akawatazama wengine. Palikuwa na nafasi ya kusema, tena nafasi kubwa, mtu angeweza kupita na toroli. Sikusema. Niliogopa, sina neno lingine.

Alikwenda kwenye meza za kuanika kahawa. Wiki mbili baadaye nikathibitishwa, na mwezi uliofuata nikapewa fomu zake. Kila nilipopita penye meza alikuwa akigeuza kahawa kwa mikono, pamoja na vile vidole viwili, na kila mara aliniuliza swali lile lile: "Dipuloma, umekula?" Nilijibu nimekula. Nilikuwa mwongo mara nyingi, maana siku hizo chakula hakikunipita vizuri.

Alistaafu bila sherehe. Vijiti viling'olewa, na shamba lilipoanza kuuzwa Tisa ndiyo ilitangulia. Leo kuna nyumba za ghorofa moja, barabara za matofali ya cabro, na lango lenye askari anayeandika nambari za magari. Mimi nauza dawa kwenye duka la pembejeo Ruiru mjini. Mteja akija kutaka dawa kali, namwuliza kwanza amemwona huyo mdudu akila nini. Mwenye duka hapendi swali hilo.

Mwaka huu aliingia bwana mmoja wa Membley, amevaa suti, simu mkononi. "Nipatie kitu ya kuua hii," akasema. "Imekaa kwa waya ya fensi yangu wiki mzima. Watoto wanaogopa ndevu."

Nilimtazama Mzee kwenye kioo cha simu. Nilimwomba bwana anitumie picha, nikamwambia dawa yake imekwisha. Haikuwa imekwisha. Jumapili hiyo baada ya kanisa nikaenda Mwihoko.

Nyumba ilikuwa ile ile, sasa imezungukwa na nyumba za kupangisha pande zote. Mumewe alikuwa amelala kwenye kiti nje, kuku wanamzunguka. Nyapara alikuwa amepungua mwili. Uani alikuwa na sukuma wiki kwenye magunia, na katika kila gunia kijiti kikavu chenye utepe wa kijani. Hakuna kilichokalia vijiti.

"Dipuloma," akasema. "Umekula?"

"Sijakula, mama."

Alinipa githeri na chai. Nilimwonyesha picha. Aliisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Haiya! Amenona," akasema. "Ni wa wapi?"

"Membley."

"Ameanza kukaa na matajiri." Alifurahi, nikaona anafurahi, na ndipo nikaweka kijiko chini. Nikamwambia. Nilimwambia kwamba ile fomu niliijaza mimi, kwamba nilitaka kumfurahisha, kwamba siku ile ofisini nilikuwa na mdomo nikaufunga, na kwamba nimelala na jambo hilo miaka hii yote. Nililia kwa sauti, hata mzee wa nje akaamka akauliza kama kuna kuku ameibwa.

Nyapara alingoja nimalize.

"Mwandiko niliujua siku hiyo," akasema. "Nne yako hukaa kama kiti."

"Kwa nini hukusema?"

"Wewe ulikuwa unaanza. Mimi nilikuwa namaliza." Akanimiminia chai nyingine. "Lakini nilikukosea pia. Nilikwambia Mzee haandikwi, sikukwambia kwa nini. Ile fomu ilikuwa ya maadui peke yake. Nilifikiria na hiyo dipuloma utajionea."

"Nilidhani ni mambo ya wazee. Ya kuhesabu."

"Hata hiyo ilikuwa," akasema. "Cucu wangu aliyemzaa mama alisema kitu ukihesabu inaisha. Na wewe ukahesabu, na ikaisha." Akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya leso. Mimi sikuweza kucheka.

Alipotulia aliinama mbele, akashusha sauti.

"Walikuwa wangapi?"

"Mama, si ulisema nambari..."

"Si walishaisha? Sasa nambari itawafanya nini?"

Hapo ndipo nilipokikumbuka kile kidole gumba juu ya mstari wa chini. Hakuwa ameitazama ile nambari. Miaka yote hiyo akigeuza kahawa hakujua kama alikuwa ameshinda.

"Arobaini na tatu," nikasema.

Aliweka kikombe chini.

"Kwa Tisa peke yake?"

"Tisa peke yake. Nilihesabu mara mbili."

"Ngai." Alitazama magunia yake ya sukuma wiki. "Mimi nilikuwa nafikiria labda kumi, labda kumi na tano. Arobaini na tatu! Na hakuna dawa?"

"Hakuna dawa, mama."

Kisha aliinuka kwa kushika meza, akaenda nyuma ya mlango, akarudi na kalenda ya kanisa na kalamu. Akanisukumia.

"Andika."

"Wapi?"

"Mahali popote. Hii si fomu."

Niliandika 43 kwenye nafasi nyeupe kando ya Jumapili ile. Aliinama akaitazama.

"Bado ni kiti," akasema.

Nikamrudishia kalamu. Hakuipokea.

"Weka sahihi," akaniambia. "Leo weka yako."